Nusu ya Maneno ya Papa Balume

Papa Balume alizikwa Shasha mwezi uliopita, na mimi nilikwenda matangani bila kuitwa. Habari niliipata kwa fundi mmoja wa Sake, nikavaa koti langu, nikaenda. Walinipa kiti nyuma kabisa, karibu na masufuria, mahali ambapo moshi wa kuni unakuja usoni upepo ukigeuka. Binti yake Faida, niliyemwacha akiwa msichana wa miaka kumi na ambaye sasa ni bibi mwenye miwani, alikuwa anagawa chai. Alipofika kwangu alisimama. "Weye njo Anatoli?" Nikamjibu, "Njo mimi, dada." Mkono wangu ulikuwa umenyooshwa kupokea kikombe. Yeye aliinama akakiweka chini kwenye udongo, akaenda zake. Niliiokota ile chai na kuinywa. Wazee waliokaa kando yangu waliniuliza nilimjulia wapi marehemu, nikasema alinifundisha kazi. Ni kweli. Lakini ni nusu tu ya ukweli, na mimi nimechoka kusema nusu. Yote ninayaandika hapa.

Ulikuwa mwaka mmoja mwishoni mwa miaka ya sitini, wakati bunduki za milimani ziliponyamaza kidogo na kamiyo, yaani malori, zikaanza tena kupita. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimetoka Burungu kutafuta kazi, nikaipata kwenye shamba kubwa la maua ya pareto juu ya Masisi, katika banda la kukaushia, kubeba magunia. Maua yale yakikauka hutoa vumbi linalowasha macho na kuingia puani, na kila siku kabla ya saa sita mchana nilikuwa natiririka machozi kama mtu aliyefiwa. Mara mbili kwa wiki, nikiwa mlangoni na gunia mgongoni, nilimwona Papa Balume akiwasha moto yake. Pikipiki sisi tuliiita moto, na pale shambani ilikuwa moja tu. Balume alikuwa fundi wa garaji, na yeye ndiye aliyepeleka barua za shamba hadi Sake upande huu na hadi Walikale upande ule. Moto ile aliiunda mwenyewe kutoka kwa mbili zilizokufa. Moteri, yaani injini, ilikuwa ya agronome, bwana shamba wa Kizungu aliyeondoka wakati wa uhuru, na mwili aliuchimbua mferejini kwenye barabara ya Walikale, umejaa matope na vyura. Miaka minane alikuwa ameipanda. Aliposhuka nayo bondeni, sisi wa bandani tuliacha kazi ili tuisikilize mpaka sauti ipotee. Sijui kama nilitaka ile moto au nilitaka tu kutoka katika vumbi. Nadhani sikutofautisha.

Halafu zikaja habari za mbio. Kampuni moja ya madini upande wa Walikale ilikuwa na kiwanja cha ndege ndogo, cha udongo na majani, na wakubwa wa mashamba na wa migodi walikubaliana kufanya siku moja ya kushindanisha moto pale, msimu wa jua utakapofika. Kila kampuni ingeleta moto moja na mpandaji mmoja. Direkta wetu, Mzungu mrefu aliyependa kutuongelesha Kiswahili chake cha kuamuru, alitukusanya asubuhi moja mbele ya mizani ya magunia. Alisema anatafuta muntu mwepesi. Atakayepanda akaingia katika watatu wa kwanza atabaki muntu wa barua, na mwaka utakaofuata atapelekwa kujifunza ushoferi. Wengine watarudi kazini. Papa Balume alipanda mizani wa kwanza, bila kuambiwa, kwa sababu alijua hilo ni jambo la kumalizwa haraka. Karani aliongeza jiwe, akaongeza tena, akaongeza tena. "Balume," Direkta akasema, "weye iko gunia mbili. Weye utabakia na spana." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, hilo nalikumbuka vizuri. Tulipimwa kumi na moja tuliojua kuendesha baiskeli, na mimi ndiye niliyekuwa mwepesi kuliko wote. Balume alikuwa bado amesimama kando ya mizani, mikono nyuma. Aliniangalia kuanzia miguu mpaka kichwa. "Huyu?" alisema.

Direkta aliamuru nihamie kwa Balume ili nisipoteze wakati wa kupanda na kushuka. Nyumba yake ilikuwa ya matofali, nyuma ya garaji, vyumba viwili na sebule. Nilipewa chumba cha kuwekea vyuma. Nililala kati ya tairi za kamiyo na pipa la mafuta machafu, juu ya mkeka, na ukuta uliotenganisha chumba kile na chumba cha wenye nyumba ulikuwa wa matete yaliyopakwa udongo, na udongo wenyewe ulikuwa umeanguka mahali pengi. Niliwasikia wakikohoa. Tulikula sebuleni, sisi watatu na Faida, katika ukimya ambao sijaupata tena mahali popote, hata hospitali. Mke wake, Mama Faida, aliweka ugali wa muhogo katikati, maharage upande mmoja, na siku nyingine sambaza wakavu, samaki wadogo walioletwa na ndugu zake kutoka ziwani. Balume alivuta sahani ya sambaza kwake na kuizungushia mkono. Mama Faida aliniangalia, akamwangalia mume wake, akanisogezea maharage. "Kula, Anatoli," alisema. "Asile sana," Balume alisema, na alikuwa anaiambia sahani. "Walimuchagua juu ya kilo." Faida akacheka, mama yake akampiga kidogo begani. Ilikuwa hivyo kila siku. Nilianza kuhesabu tonge zangu mwenyewe.

Miezi miwili ya kwanza hakuniruhusu kuwasha moto. Alisema sitapanda kitu nisichojua kukifungua. Kila asubuhi alitandika gunia mbele ya garaji, na mimi nilifungua. Kabureta, buji ya kuwashia moteri, sheni, gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele, freni zote mbili. Kila kipande nilikiosha kwa esansi, yaani petroli, nikakifuta, nikakipanga kwenye gunia kwa mpangilio nilivyokitoa. Kama kipande kimoja kilikaa mahali pa kingine, Balume alikuja na mguu wake, akavuruga vyote, akarudi kukaa kwenye kiti chake. "Anza." Mara moja nilimwambia kwamba nilikuwa nimekosea kitu kidogo tu. Alitikisa kichwa. "Kidogo. Ku mulima wa Walikale, ile kidogo njo itakubakiza mu mufereji. Utakuwa unalia mama, na mama haiko. Anza." Hakunisifu hata siku moja. Nilipofunga gurudumu la mbele vizuri, aliinama, akajaribu kila nati kwa vidole, akatafuta kosa, akakosa, akatema mate chini na kuingia ndani.

Mwili wangu pia aliushughulikia, kwa chuki ileile. Alinipa gunia lililolowekwa maji nilikamue mpaka likauke, ili mikono ishike gidoni, ule usukani wa moto, bila kuchoka. Alinipandisha kilima nikiwa nimebeba mchanga. Aliniketisha juu ya moto iliyozimwa, akaweka jani kavu la muhindi kati ya goti langu na tanki, kila upande moja, akaniambia nibane. Jani likianguka, tunaanza upya. Alitembea kunizunguka akitikisa moto kwa nguvu, kushoto, kulia, mbele, na mapaja yangu yalitetemeka mpaka nikaona giza. "Macho yako iko wapi?" aliniuliza. Nikasema ninaangalia gurudumu. Alinipiga kofi la kisogo. "Gurudumu inajua fasi yake. Angaliya kule unaenda. Ukiangaliya shimo, unaingia mu shimo. Ukiangaliya pipa, unakumbatia pipa." Leo, nikiwa mzee, najua kwamba hakuna shule ambayo ingenipa mafunzo bora kuliko yale. Wakati ule nilijua kofi tu. Nilikuwa nalala nikimpangia maneno ya kumtukana, na asubuhi nilikuwa naamka na kumwambia, "Jambo, Papa," kwa sababu ndivyo tulivyolelewa kumwambia mtu wa umri wake.

Alipoona nafungua na kufunga bila kukosea, tulianza kuivua moto yenyewe. Taa tuliitoa, na kioo, na bati za juu ya magurudumu, na kiti cha nyuma, kila kitu ambacho kingeweza kuvunjika au kuongeza uzito. Nati kubwa alizifunga kwa waya, akaupinda waya kuelekea upande ambao nati inakazwa, ili hata ikitaka kulegea isiweze. Vitambaa vya freni ya mbele vilikuwa vimekwisha. Vipya havikuwako Masisi wala Sake. Balume alikata mkanda wa mashine ya zamani ya kukoboa kahawa, akaupunguza kwa tupa siku nzima, akaupigilia misumari midogo ya shaba. Nilikuwa nashikilia tu. Mikono yake ilikuwa mikubwa, na nilishangaa jinsi ilivyoshughulika na vile vimisumari. Nilitaka kumuuliza amejifunza wapi, lakini alisikia nikivuta pumzi ya kuuliza, akasema, "Funga kinywa. Shika."

Jambo lililonijaza nyongo lilitokea kwenye kiwanja chenyewe. Majuma matatu kabla ya mbio, Direkta alitupa nafasi katika kamiyo iliyokuwa inashuka Walikale, ili tukajaribu. Ilikuwa joto, msitu umekaza pande zote mbili, na kiwanja kilikuwa kirefu, chekundu, kimepangiwa mapipa matupu mwisho huu na mwisho ule kuonyesha mahali pa kugeukia. Wafanyakazi wa mgodi walikuwa wamekaa pembeni kwa mapumziko. Balume alinitembeza kwa miguu kwanza, mizunguko mitatu, akinionyesha kwa fimbo mahali udongo ulipokuwa mgumu na mahali ulipokuwa unga. Nilidhani sasa nitapanda. Badala yake alipandisha kaptula yake, akaketi yeye, akawasha. Mtu yule mzito, gunia mbili, alikwenda kama maji. Alifika kwenye mapipa, akainamisha moto, mguu wake ukagusa chini kidogo kama mtu anayepima joto la maji ya kuoga, na alikuwa tayari ameelekea upande mwingine. Wafanyakazi walisimama. Walipiga makofi, walipiga mayowe. Alizunguka mara tatu, akaja, akanipa moto bila kuizima. Nikapanda. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili niliangalia pipa, na nililikumbatia, kama alivyosema. Nilipoinuka, mdomo umejaa udongo mwekundu, wale watu walikuwa wanacheka wameshikana mabega, na aliyecheka zaidi kuliko wote alikuwa Papa Balume. Alikuwa amepiga magoti kwa kicheko. Katika miezi ile yote sikuwa nimewahi kuyaona meno yake.

Jumapili ya mwisho kabla ya mbio, baada ya misa, mvua ilinyesha. Mvua ya msimu wa jua ni ya ghafla na haikai. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka wangu kati ya matairi. Mvua ilipopungua, sauti zao zilipita katika matete kana kwamba wamekaa kando yangu. Balume alikuwa anamwambia mke wake kwamba mimi siko tayari. "Kesho nitaenda kwa Direkta," alisema. "Nitamwambia huyu mutoto hawezi. Atakufa pale, ao ataua muntu. Anipatie mimi nipande, hata na hii kilo yangu." Mama Faida akasema, "Direkta atasema iko wivu." Balume akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo, na ninayaandika yote, tangu mwanzo hadi mwisho. "Kama ningekuwa muntu mubaya, ningelegeza nati moja tu ya gurudumu ya mbele. Anaanguka, Direkta anaona, inaisha. Lakini mimi nitaenda kusema na kinywa."

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba nilisikia vibaya. Mvua, ukuta, usingizi. Hapana. Nilisikia kila neno. Nilibaki nimelala, nikatazama bati, nikaliona banda la pareto linaningoja, na machozi ya vumbi, na wenzangu waliocheka kwenye mizani wakinicheka mimi sasa. Asubuhi yake niliamka kabla ya Balume. Direkta alikuwa anakunywa kahawa kwenye baraza. Nilivua kofia. Nilimwambia, "Direkta, nilimusikia Papa Balume anaongea na bibi yake. Alisema, ningelegeza nati moja tu ya gurudumu ya mbele, anaanguka, Direkta anaona." Direkta aliweka kikombe. "Alisema vile? Maneno yale?" Nikasema, "Maneno yale." Na yalikuwa maneno yale. Sikuongeza hata moja. Niliacha tu ya mbele na ya nyuma.

Mambo yalikwenda haraka kuliko nilivyofikiri. Sikuwa nimefikiri sana, kusema kweli. Nilidhani atakaripiwa, atakatazwa kusema habari zangu. Direkta alimwita ofisini, na sisi wa nje tulisikia sauti moja tu, ya Direkta. Balume alipotoka alikuwa ameshika karatasi. Aliambiwa aondoke na kamiyo ya mchana iliyokuwa inaenda Sake. Alipita mbele yangu akaingia garajini, akafunga mlango, na kwa muda mrefu tulisikia chuma kikigonga chuma. Mama Faida alikuwa anatoa vyungu nje. Hakulia. Alikunja mikeka, akafunga kuku wawili miguu, akamvalisha Faida nguo ya Jumapili. Nilikwenda kumsaidia kubeba kitanda. Aliushika mkono wangu, akauondoa kwenye ubao wa kitanda, polepole, kama unavyomwondoa mdudu kwenye nguo. Kamiyo ilipopiga honi, Balume alifungua garaji, akanitupia ufunguo wa kufuli kifuani. Hakunitukana. Alisema, "Esansi nimechuja. Usiweke ingine," akapanda juu ya magunia pamoja na watu wake, na kamiyo ikashuka.

Nilikaa katika nyumba ile peke yangu siku nne zilizobaki, na siku ya kwanza nilifanya jambo ambalo linaniaibisha kuliko lile la baraza. Niliitoa moto nje, nikatandika gunia, nikaanza kutafuta nati iliyolegea. Ninyi mnaosoma mtadhani niliogopa kuanguka. Sikuogopa. Nilikuwa natamani kuipata. Nati moja tu, robo ya mzunguko, na ningekuwa mtu aliyejiokoa. Nilijaribu gurudumu la mbele kwa spana, la nyuma, gidoni, freni, miguu ya moteri. Nilikata waya zake nikakaza ambapo hapakukazika. Nilipofika kwenye kebo ya freni nilikuta ni mpya, imepakwa mafuta, na urefu wake umepimwa kwa vidole vyangu, si vyake, kwa sababu vidole vyangu ni vifupi. Ile ndiyo kazi aliyoifanya mlango ukiwa umefungwa, karatasi ya kufukuzwa ikiwa mfukoni. Nilikaa chini kwenye gunia. Kisha ilinibidi nizifunge tena zile waya nilizozikata, na nilichukua siku mbili, kwa sababu hakuna aliyekuwapo wa kuvuruga na kuniambia nianze.

Siku ya mbio kulikuwa na moto tisa. Watu walikuja hata kutoka Kashuga, walitembea siku mbili, wamebeba viazi vya kuchoma. Nilivaa koti zito la mlinzi, buti za mpira zilizokatwa, na kofia ya chuma ya mtu wa mgodi iliyofungwa kwa kamba kidevuni. Kando yangu alikuwa Leonardi, mpandaji wa mgodi, kijana mwenye shingo pana ambaye alikuwapo siku nilipokumbatia pipa. "Fundi wako iko wapi?" aliniuliza. "Ule muzee njo alikuwa anajua kupanda. Weye ulikuja kufanya nini?" Nilikaza kamba ya kofia. Bendera ilipoanguka, vumbi jekundu lilifunika kila kitu, na nilisikia tu moteri na mayowe, na watu wa mgodi waliotupa magunzi ya mahindi kila nilipopita. Kwenye kona ya kwanza mtu alinisukuma kwa kiwiko. Kwenye ya pili mimi nilimsukuma mwingine. Niliangalia kule ninakokwenda. Mzunguko wa tisa, Leonardi mwenyewe, aliyekuwa mbele yangu, aliteleza mahali pa unga, na moto yake ikalala njiani, naye akiwa chini yake, uso umenigeukia. Nilikamata freni ya mbele kwa vidole viwili. Ilishika sawasawa, bila kuruka, bila kuteleza, kama mkono wa mtu kwenye ukosi wa shati. Nilisimama karibu naye kiasi kwamba angeweza kugusa tairi. Wawili walinipita. Niliwasha tena, nikamaliza wa tatu.

Wa tatu ilitosha. Direkta alinipiga begani, akaniambia kuanzia Jumatatu mimi ni muntu wa barua. Nilipata kila nilichotaka. Safari yangu ya pili ya Sake sikugeuza pale posta. Nilifuata barabara ya ziwa mpaka Shasha. Nilimkuta Balume amekaa kwenye kibao mbele ya nyumba ya kaka yake, baiskeli ya mtu imepinduliwa mbele yake, anatoa sheni. Aliijua sauti ya moto kabla hajainua uso. Nilizima, nikavua kofia, nikamwambia nimekuja kuomba musamaha. Aliendelea na sheni. Aliyejibu alikuwa Mama Faida, kutoka mlangoni. "Ile neno aliniambia mimi," alisema. "Mu chumba yangu. Sikumwambia muntu, na yeye hakumwambia muntu. Unafikiri hatukujua ni nani?" Jirani mmoja akasogea, na mwingine. Balume akaweka spana chini.

"Nilisema nini?" aliniuliza.

"Papa, unajua."

"Mimi najua. Hawa hawajui. Nilisema nini mbele ya nati?"

Nilisema. "Kama ningekuwa muntu mubaya." Akaweka mkono sikioni. Nikasema tena, kwa nguvu, na majirani wakasikia, na Faida, aliyekuwa amejificha nyuma ya kanga ya mama yake, akasikia. Akaniuliza nilisema nini nyuma ya nati, na hilo pia nikalisema. "Basi," akasema. "Peleka kwa ule uliyempa nusu."

Nilipanda hadi Masisi siku ileile, na nilimwambia Direkta kabla sijavua koti. Nilingoja anifukuze. Alinisikiliza, akawasha sigara, akaonekana kama mtu aliyeharibiwa siku na kitu kidogo. Alisema fundi aliyemleta kutoka Goma hafai kitu. Aliandika karatasi fupi ya kumrudisha Balume kazini, akaitia muhuri, akanipa nipeleke, kwa kuwa mimi ndiye muntu wa barua. Nilishuka tena Shasha. Mara hii hapakuwa na majirani. Balume aliifuta mikono, akampa Faida ile karatasi aisome, na Faida akaisoma kwa kituo, neno kwa neno, kama walivyomfundisha shuleni. Balume akaikunja mara nne, akanirudishia. Nilimsihi. Nilimwambia nyumba ya matofali iko wazi, nimeifagia.

"Mwambie Direkta nashukuru," alisema. "Moto ikikufa, atakuita weye. Nilikufundisha yote."

Akainama kwenye baiskeli, na hakuniambia neno lingine siku ile wala katika miaka yote iliyofuata. Moto ilikufa mwezi wa kumi, kwenye mlima, katikati ya mvua. Waliniita mimi, nikatandika gunia.